Huku kwetu wote ni weusi: nadharia hii inanihusu nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya umahiri hapa Dodoma. Utafiti wangu ni juu ya wanawake wa Chamwino wanaolima zabibu, hasa wajane, na namna wanavyopoteza mashamba. Msimamizi wangu anataka nitumie ufeministi kwa mtazamo wa wanawake Weusi. Wenzangu darasani walicheka, wakasema hiyo ni nadharia ya Wamarekani, huku kwetu wote ni weusi, rangi utaiona wapi? Nimesoma, na mimi naanza kukubaliana nao. Niiache? Na kama siiachi, naanzia wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usiiache. Ila wenzako hawakuuliza swali la kijinga. Nimesahihisha tasnifu nyingi ambazo sura ya pili imejaa bell hooks na Kimberlé Crenshaw, wanawake Weusi wa Marekani wanaouliza ubaguzi wa rangi na wa jinsia unavyomkuta mwanamke mmoja kwa pamoja, sura ya nne imejaa wanawake wa kijijini, na sura hizo mbili hazijawahi hata kusalimiana. Kama na yako itakuwa hivyo, bora uwasikilize waliocheka.

Tuanze na kesi moja, maana sehemu kubwa ya nguvu ya nadharia hii ilitoka kwenye mafaili ya mahakama. Mwaka 1976 mahakama moja ya Marekani iliamua kesi ya DeGraffenreid dhidi ya General Motors. Walalamikaji walikuwa wanawake watano Weusi. Kampuni ilipopunguza wafanyakazi ilitumia kanuni ya aliyeajiriwa mwisho aondoke kwanza. Ukiitazama juu juu, kanuni hiyo haina ubaguzi wowote. Lakini kabla ya mwaka 1964 kampuni haikuwa ikiajiri wanawake Weusi, kwa hiyo wao ndio waliokuwa wa mwisho, na wao ndio waliofagiliwa. Waliposema wamebaguliwa kwa sababu ni wanawake, waliambiwa kampuni imeajiri wanawake miaka mingi. Kweli, ila walikuwa Wazungu. Kuhusu rangi, waliambiwa wakajiunge na kesi nyingine ya ubaguzi wa rangi iliyokuwa ikiikabili kampuni hiyohiyo. Waliposema basi tutazameni kama wanawake Weusi, vyote viwili kwa pamoja, mahakama ikakataa kuwaundia kundi jipya.

Crenshaw, mwanasheria, aliichambua hukumu hiyo katika makala ya mwaka 1989. Alisema mtu aliyesimama kwenye makutano ya barabara anaweza kugongwa na gari linalotoka upande wowote, au na mawili kwa wakati mmoja, na sheria inayodai kwanza ujulikane ni gari gani hasa lililosababisha jeraha lipi itamwacha palepale chini. Watu wengi hukariri mfano huo wa barabara na kusahau kesi. Wewe shika kesi. Inakufundisha jambo ambalo ndilo kiini cha jibu langu lote: mtafute mtu anayedondoka katikati ya kinga mbili, ambazo kila moja ukiisoma peke yake inaonekana nzima, kisha anza kuuliza kuanzia pale alipoangukia yeye.

Sasa njoo Chamwino na swali hilo mkononi.

Chukua mwanamke aliyeolewa, akapanda mizabibu na mumewe kwenye shamba la ukoo wa mume. Wakiachana, ana mlango wa kugonga. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinairuhusu mahakama kugawa mali waliyochuma pamoja, na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu siku ile, kwa sababu ilionekana alikwisha kupewa fedha za biashara na mumewe. Msingi aliouacha ndio unaotumika mpaka leo.) Lakini kifungu cha 114 ni cha talaka na kutengana. Mume akifa, mke huyohuyo, na mizabibu ileile, anahamia kwenye sheria ya mirathi. Mahakama ikiona marehemu aliishi kimila, inafungua Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963. Humo imeandikwa kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao.

Umeona anapoangukia? Aliyeachwa yuko salama kuliko aliyevumilia ndoa mpaka kifo. Ukisoma Sheria ya Ndoa peke yake utaona wanawake wamelindwa. Ukisoma mila peke yake utaona ukoo umelindwa. Mjane mwenye mizabibu hayumo katika karatasi yoyote kati ya hizo mbili, kama wale watano wa General Motors walivyokuwa nje ya sheria ya rangi na nje ya sheria ya jinsia. Hapo ndipo sura yako ya pili na ya nne zinapokutana, na hujamtaja mtu rangi yake bado.

Na usiniambie kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imemaliza mambo. Ni kweli kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Ni kweli pia kwamba Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba na watatu lazima wawe wanawake. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha baraza la namna hiyo. Wajumbe wanaume walikuwa kwenye viti vya plastiki, akina mama kwenye mkeka. Mwenyekiti aliongea, wazee wakaongea, mwafaka ukasomwa, ndipo akawageukia: akina mama mna la kuongeza? Mmoja akasema hapana mwenyekiti, tunaunga mkono. Kwenye muhtasari iliandikwa kwamba wajumbe wote walishiriki. Utafiti wako ukiishia kuhesabu wajumbe wanawake utaandika kwamba kijiji hicho kimefaulu.

Nije kwenye rangi, maana hilo ndilo linalokusumbua. Hutaiona ukiitafuta kwenye nyuso za watu wa Chamwino. Itafute kwenye ile karatasi ya mwaka 1963. Kazi ya kuandika mila na kuziunganisha ilianza mikononi mwa watawala wa kikoloni. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Mwingereza hapa Tanganyika, alikwisha kuandika sheria za mila za Wahaya na za Wasukuma, na ndiye aliyekabidhiwa pia kazi ya kuziunganisha mpaka alipofariki mwaka 1962. Waliokuwa wakiulizwa mila ni ipi walikuwa machifu na wazee wa kiume. Mzungu akauliza wanaume, akaandika, na kilichokuwa mazungumzo ya ukoo yanayobadilika kwa kufuata nani amekaa mkutanoni kikageuka kifungu chenye namba. Mwanamke hakuulizwa na mkoloni kwa sababu alikuwa mwenyeji, na katika wenyeji hakuulizwa kwa sababu alikuwa mwanamke. Hayo ndiyo makutano yako ya rangi na jinsia, na yanafanya kazi mpaka leo katika kijiji ambacho Mzungu hajakanyaga miaka na miaka.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliligusa tamko hilo katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Bi Pastory, Mhaya, alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza, mpwa wake akashtaki kwamba mwanamke hana uwezo huo. Jaji akasema mila hiyo inapingana na Katiba. Lakini mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilikuwa bado inaiambia Tanzania iibadilishe sheria hiyo, baada ya wajane wawili kufukuzwa kwenye nyumba zao na ndugu wa waume zao na kuzunguka mahakama za nchi bila kupata nafuu. Zisome kesi hizo mbili kwa pamoja. (Kumbuka pia dini. Mjane Mwislamu wa Kondoa anaweza kuingia kwenye sheria ya Kiislamu na kupata thumuni ikiwa marehemu ana watoto. Usiwaweke wajane wote wa mkoa kwenye kapu moja.)

Kwenye suala la ushahidi nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wengi hukosea na ndipo wanawake Weusi wameandika vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Mama mmoja mkulima aliwahi kunitembeza kwenye shamba lake akinionyesha mstari kwa mstari. Mashimo alichimba yeye. Samadi aliibeba yeye kwa debe kutoka zizini. Kupalilia, kupruni, kufukuza ndege, yote yeye na watoto. Mume alinunua waya na nguzo. Mume alipofariki, shemeji zake walileta risiti ya waya. Yeye hakuwa na risiti ya mashimo. Patricia Hill Collins, mwanasosholojia Mweusi wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1990, anauliza ni nani anayeamua kwamba maarifa haya ni maarifa na yale ni maneno ya mtu tu. Hilo ndilo swali la risiti. Collins anajibu kwamba uzoefu wa mtu aliyeyaishi mambo ni ushahidi, kwamba ukweli hupimwa katika mazungumzo, na kwamba wanawake Weusi walioziba midomo mbele ya wakubwa waliyasema mawazo yao kwingine, kwa mfano katika nyimbo za bluzi. Huku Ugogo yasikilize kwenye muheme, ngoma inayopigwa na wanawake ikiwa imebanwa katikati ya mapaja. Ukienda na dodoso peke yake, ukamaliza saa nne ukarudi mjini, utakuwa umeondoka kabla watu hawajaanza kusema.

Tena uwe makini na namna utakavyoandika walichokuambia. Unajua hotuba maarufu ya Sojourner Truth, mwanamke aliyezaliwa utumwani, aliyoitoa Akron, Ohio, mwaka 1851? Gazeti la mwaka uleule liliichapisha kwa Kiingereza cha kawaida. Mwaka 1863 Frances Gage, mwanamke wa Kizungu mtetezi wa haki za wanawake, aliichapisha upya kwa lafudhi ya watumwa wa kusini na kuingiza ule mkarara wa kuuliza kama yeye si mwanamke. Truth alikulia New York na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kidachi. Lafudhi ile haikuwa yake. Rafiki mwenye nia njema ndiye aliyempa sauti ambayo wasomaji walitarajia mwanamke Mweusi awe nayo, na ndiyo iliyoenea duniani. Wewe utahoji kwa Kigogo kupitia mkalimani, utanukuu kwa Kiswahili, na pengine tasnifu utaiandika kwa Kiingereza. Mara tatu mtu huyo atapita mikononi mwa mwingine. Rekodi, hifadhi maneno ya Kigogo, na pale mkalimani anapokufupishia dakika nzima kuwa sentensi moja, rudi uulize.

Jambo jingine la Collins litakalokufaa ni hoja yake kuhusu picha za kutawalia. Marekani alizichambua za mtumishi mwaminifu anayewapenda watoto wa bosi kuliko wake, mama mkali anayevunja familia, na mama anayezaa ili alishwe na serikali. Picha hizo hurahisisha kumnyima mtu haki bila aibu. Sisi tunayo ya kwetu: mwanamke wa Kigogo na mtoto mgongoni, akinyoosha mkono barabarani Dar es Salaam. Utani wa Mgogo na kuomba unachekwa mpaka kwenye daladala. Wanaocheka hawaijui njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kupita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua ikakataa. Mwanamke wa Kigogo anapoingia ofisini kwa afisa mwenye picha hiyo kichwani kudai fidia ya shamba lililopimwa viwanja, anaanza akiwa amekwisha kuonekana kama mtu aliyekuja kuomba. Hilo lichunguze kwa uzito, hasa pembezoni mwa jiji, ambako tangu serikali ilipoanza kuhamia rasmi mwaka 2016 thamani ya ardhi imebadilisha tabia za mashemeji wengi.

Sasa tahadhari. Ukibeba nadharia ya Marekani nzimanzima utamfanya kila mwanamke wa Chamwino mnyonge na kila mwanamume mnyanyasaji, na data zako zitakuumbua wiki ya kwanza. Msome Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, Mnigeria, aliyeandika mwaka 1997 kwamba kwa Wayoruba wa Oyo kilichopanga mamlaka kabla ya ukoloni kilikuwa umri na nafasi ya mtu katika ukoo, kuliko jinsia. Wapo waliompinga, na mimi nadhani anavuta kamba kupita kiasi, lakini anakuonyesha kitu ambacho hooks hakukiona kule Kentucky alikokulia. Mwanamke huyohuyo ni mke kwenye ukoo mmoja na ni wifi au shangazi kwenye mwingine. Anayelia kwa kunyang'anywa mizabibu leo anaweza kesho kupanda basi kwenda kwao kusimamia mjane wa kaka yake atolewe shambani. Ukiwahoji wajane tu hutamwona. Wahoji mawifi.

Na utakutana na mjane anayekuambia hataki kesi na shemeji zake. Usikimbilie kuandika kwamba hajui haki zake. Mnigeria mwingine, Obioma Nnaemeka, aliandika mwaka 2004 juu ya ufeministi wa Kiafrika unaofanya kazi kwa majadiliano na kupeana nafasi, unaojua lini kukabili na lini kuzunguka. Mjane anajua kwamba baraza likimpa shamba, jirani zake wataendelea kuwa walewale, na mahari ya binti yake itajadiliwa na walewale aliowashinda. Mwache akupigie hesabu yake yote ndipo uandike.

Wakikuuliza tena darasani kwa nini uende Marekani kutafuta nadharia, waambie huendi huko peke yake. Susan Geiger, mwanahistoria Mmarekani, alipokusanya historia za maisha ya wanawake wa TANU, katika kitabu cha mwaka 1997, alikuta kwamba akina Bibi Titi Mohamed na wenzake hawakuchota siasa kutoka kwa wanaume wasomi. Wengi walikuwa Waislamu wa makamo wenye elimu ndogo ya shule, na waliijenga TANU kwa mitandao yao ya ngoma. Hiyo nayo ni nadharia iliyotoka kwa wanawake weusi, na imetoka hapahapa nchini. Msimamizi wako atafurahi ukimwekea Geiger karibu na Collins, maana wote wawili wanaanzia kwa wanawake ambao wasomi waliwapita.

Kwa mpangilio: soma Crenshaw wa 1989 kwanza, kisha Collins, kisha Oyěwùmí na Nnaemeka, ndipo umrudie hooks. Kitabu chake cha 1984 kinafunguka kwa maelezo ya mji mdogo alikokulia, reli ikiwatenga Weusi, wakiivuka kwenda kufanya kazi kwa Wazungu na kulazimika kuivuka tena jioni. Ukikisoma baada ya hao wengine utakielewa bila kukiabudu. Na ukikuta huko bei ya zabibu imeanguka, usiijibu kwa ufeministi. Iandikie aya yake ya uchumi uendelee mbele.

La mwisho ni la kiutendaji. Kubadilisha majina hakutoshi katika kijiji kidogo. Ukiandika mke wa pili wa marehemu mwenye trekta, kijiji kizima kimejua ni nani, na shemeji zake wana watoto chuoni watakaomsomea tasnifu yako. Badilisha idadi ya watoto, hamisha kitongoji, changanya habari za wajane wawili pale hoja haiharibiki, na kabla ya kukabidhi rudi umsomee kwa Kigogo kile ulichoandika juu yake. Akisema hiki kitoe, kitoe.